Mtutu wa Kulia

Daraja la magogo lilipokatika, fundi bunduki alikuwa amepakata kitako cha bunduki, pamoja na mtambo wake wa kufyatulia, kimefungwa kwenye blanketi. Alikipaka vanishi jana yake na hakutaka kipate hata mkwaruzo. Mitutu yenyewe, miwili iliyoungana ubavu kwa ubavu, aliilaza nyuma ya pikapu, na juu yake akabwaga sanduku la vyuma vya kazi. Mtu aliyezeekea kwenye chuma, analinda rangi!

Pikapu ilidondoka ubavu, ikabingirika, ikanasa kwenye mwamba katikati ya mto. Aliyekuwa kwenye usukani ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Fundi alimvuta kwa kola ya shati, akampandisha mwambani, akarudi kuokoa alichoweza: mitutu, blanketi na kitako chake, na sanduku lililokwisha kumwaga nusu ya vilivyomo. Kisha mto ukalichukua gari, nao ukazidi kupanda.

Paja la shemeji lilikuwa limechanwa na bati, jeraha refu lisilotazamika. Fundi alilikaza kwa mkanda wa suruali. Damu ilipungua lakini haikukoma. Kuogelea hakukuwezekana, maana magogo yalipita kwa kasi ya kuvunja mbavu, na maji yalishafunika sehemu ya chini ya mwamba.

Nyuma ya kona ya mto kulikuwa na kituo cha walinzi wa msitu, ndio wenye bunduki hiyo kuukuu aliyokuwa akiwarudishia. Walinzi wale walikuwa na mashua, na walikuwa na desturi yao. Mlio mmoja ni mkulima anafukuza nyani. Hakuna anayeacha chai yake. Milio miwili inayofuatana ni mtu anaomba msaada. Fundi alikuwa na risasi nne mfukoni, za kujaribia kazi yake, zimefungwa kwenye nailoni.

Akachungulia ndani ya mitutu. Wa kushoto ulikuwa umepasuka. Wa kulia ulikuwa mzima, ila kona ya sanduku ilikuwa imeubonyeza katikati, bonde la kulaza kidole gumba.

"Piga tu, shemeji," alisema yule wa paja. "Si kibonyeo tu hicho?"

"Marisau yakifika hapo hayana pa kupita. Mtutu utanipasukia usoni, na mlio wa pili hautakuwepo."

Karakanani ingekuwa kazi ya kawaida. Fundi angechukua kizibo cha shaba kinachobana sawasawa, angekipaka mafuta na kukisukuma mpaka chini ya bonde, kisha angegonga kwa nje polepole mpaka chuma kirudi mahali pake. Lakini vizibo vyake vyote vilikuwa chini ya mto. Kitu pekee kilichoweza kuyeyuka na kushika umbo la mtutu ni marisau, goroli ndogo za madini zilizokuwa ndani ya risasi. Mbili zilihitajika kuita msaada. Akazikata mbili zilizobaki.

Shemeji, ambaye kwa miaka yote aliita kazi hiyo kucheza na mabomba, alimtazama akizichana, akasema dada yake aliolewa na mwendawazimu. Hata hivyo akatoa kiberiti chake cha gesi. Juu ya mwamba palikuwa na vijiti vikavu vilivyoachwa na mafuriko ya zamani. Fundi aliyeyusha marisau kwenye kopo lililobaki sandukuni, akaziba mtutu kwa kipande cha blanketi alichokikausha motoni, kwa sababu madini yaliyoyeyuka yakikuta unyevu huruka, akamimina. Yalipoganda akapata kizibo kifupi kuliko alivyotaka. Akakisukuma kwa fimbo mpaka kwenye bonde, akaanza kugonga kwa nyundo iliyosalia.

Aligonga, akasukuma, akageuza, akagonga tena. Nguvu nyingi zingekifanya chuma kiwe chembamba kama karatasi, na hofu ilimsukuma atumie nguvu. Kila sauti ya shemeji ilipofifia alimuuliza jambo: bei ya matairi, jina la utani la mwalimu wao, chochote. Aliogopa sana. Aliogopa mto, lakini zaidi aliogopa kusimama mbele ya mkewe akiwa peke yake.

Maji yalipogusa viatu vya shemeji, bonde lilikuwa limeinuka. Fundi alikitoa kizibo, akaiunga bunduki, akaitia risasi moja, akaifunga kwa vipande vya blanketi kwenye gogo lililokwama kwenye ufa wa mwamba, akavuta kifyatuo kwa kamba ya kiatu, kwa mbali.

Mlio ukatikisa msitu. Gogo likachomoka, likaingia mtoni, na bunduki ikaangukia jiweni. Fundi aliiokota. Pale palipokuwa na bonde palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Mtutu uko sawa?" shemeji aliuliza.

"Uko sawa."

Hakukuwa na gogo lingine, wala muda wa kulitafuta. Fundi aliingiza risasi ya mwisho, akamgeuzia shemeji mgongo ili mwili wake uwe ngao. Bunduki haikushikika kwa mkono mmoja. Akausogeza mkono wa kushoto mbali na ule mstari wa ufa kadiri ulivyofika, akafumba macho, akafyatua.

Mashua ilitokea konani ikikwepa magogo. Walinzi waliwakuta wote wawili wanavuja damu, fundi amezungushia mkono wa kushoto kilichobaki cha lile blanketi la kitako. Vidole vitatu vilikuwa vimebaki mwambani.

Hospitalini, mkewe alipofika mbio aliushika mkono wake wenye bandeji, akataka kuuliza. Fundi alimwonyesha mlango wa wodi. "Nenda kwa mdogo wako kwanza," alisema. "Yuko macho, na anakutaja."

Msimu wa kiangazi karakana ilifunguliwa tena. Mtu alileta bunduki ya babu yake, mtutu umebonyea. Fundi aliingiza kizibo kipya cha shaba, akashika nyundo kwa mkono wa kulia, kisha akabaki ameutazama ule mtutu ukibingirika mezani. Mkono wa kushoto haukuweza kuuzuia.

Shemeji alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha. Alijikongoja mpaka mezani, akaukamata mtutu kwa mikono yote miwili na kuukaza.

"Gonga, shemeji," alisema. "Nimeshika."