Bibi Harusi wa Nusu Kichwa

Sokoni, mbele ya watu wazima na akili zao, kijana mmoja aligeuka na bomba la chuma begani, na bomba likaondoka na wigi la dada mmoja. Likaning'inia nchani kama bendera ya nchi changa.

"Kaka," dada akasema kwa upole wa kutisha, "kichwa changu unakipeleka wapi?"

Mapenzi yao yalizaliwa hapo. Mengine huzaliwa kwa heshima zaidi. Dada, aliyevaa gauni la njano lililoumiza macho ya wapita njia, alikuwa msusi, na saluni yake ya viti viwili, aliyoachiwa na shangazi yake, ilikuwa jirani na uwanja wa mpira. Kijana alikuwa fundi uzio, aliyeajiriwa kuuzungushia uwanja huo chuma kwa ajili ya mashindano makubwa. Aliomba radhi kwa soda, kisha kwa simu, na baadaye akawa anaomba radhi hata bila kosa, ili mradi aitwe "mpenzi wangu wa mabomba".

Mtaa mzima ulikuwa umerukwa na akili. Ilisemekana wageni wangemiminika kama kumbikumbi. Msusi akajaza rafu nywele bandia za rangi za kila timu, kisha akampigia fundi simu.

"Mpenzi, huo uzio wako usinifungie nje. Nikiwakosa hao wageni, kodi itanishinda, mwenye nyumba atampa chumba muuza simu."

"Nikufungie nje wewe? Bora nijifungie mwenyewe."

Fundi alikuwa mtu wa vitendo. Jioni mkuu wake alipomwachia achague uzio upite upande gani wa mtaa, aliusogeza, saluni ikawa ndani. Hakumwambia msusi, alitaka iwe zawadi. Wala hakuuliza huko ndani kuna sheria gani, maana mwenye kupenda haulizi, anapiga nyundo.

Asubuhi, siku ya kwanza ya mashindano, mteja mmoja wa msusi, bibi harusi, akafika kwenye geti la uzio. Jana yake alikuwa amesukwa upande wa kulia, wa kushoto ukaachwa kwa leo, kwa kuwa misuko midogo haimalizwi kwa kikao kimoja. Mlinzi akamweleza kwamba wanaingia wenye tiketi na beji tu. Bibi harusi akafunua kitambaa, akamwonyesha upande wa kushoto. Mlinzi akauhurumia sana, kisha akamwonyesha njia ya kurudi. Dada zake, mashangazi na mama mkwe mtarajiwa, wote waliokuja kusukwa, wakamfuata hadi saluni ya ng'ambo ya soko.

Msusi aliyaona yote. Alikuwa palepale getini, funguo mkononi, naye hana beji. Wageni walipita ndani ya mabasi, kofia vichwani, hakuna aliyehitaji kusukwa.

Akapiga simu kuuliza nani aliyeweka uzio pale.

"Ni mimi, mpenzi," fundi akajibu kwa fahari. "Nimekuweka ndani."

Simu ikakatwa. Msusi hakupokea tena simu yake hadi kombe likapata mwenyewe.

Fundi alipong'oa uzio, alikuja saluni na tai shingoni na pete mfukoni. Muuza simu alikuwa tayari anapaka ukuta rangi. Fundi alisema maneno mengi, ya kuoana, ya kufungua saluni nyingine kubwa zaidi. Msusi alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikuomba, ukafanya. Sina hata wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Kila nikikutazama, namwona bibi harusi wa nusu kichwa." Akanyoosha kidole juu ya mlango. "Hicho kibao cha saluni kina boliti nne. Kama unanipenda, kifungue."

Akakifungua; kufungua alikuwa bingwa. Akakibeba begani kupitia sokoni, akigeuka polepole kila kona, asimguse mtu. Msusi alimfuata kwa mbali hadi saluni ya ng'ambo, ambako alikuwa amepewa kiti cha mwisho, karibu na mlango wa choo.

Akapokea kibao, akakiegemeza ukutani, maandishi yakiangalia ukuta.

"Asante, kaka," akasema.