Kijiko cha Kitanda cha Nne

Kijiko kilianguka sakafuni, na Germana akageuka.

Ilikuwa saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umeyashika madirisha ya wodi ya wazazi, na wanawake watatu waliokuwamo walikuwa wamelala usingizi. Sakafu ilikuwa tupu. Akainama chini ya kitanda cha nne, ambacho hakikuwa na mtu, akapapasa saruji kwa kiganja. Hakuna kitu. Ndipo mkono wake ulipokwenda kwenye mfuko wa kifuani, kwenye mashine yake ya kusikilizia. Akafungua kifuniko cha nyuma.

Ndani hamkuwa na betri. Betri hazikuwamo tangu Jumamosi, na leo ilikuwa Alhamisi.

Germana Tluway alikuwa kiziwi. Alipokuwa mwanafunzi wa unesi huko Tanga aliugua kifua kikuu, akachomwa sindano sitini, moja kila asubuhi. Sindano zikaponya mapafu, zikaua masikio. Waliondoka ndege kwanza, zikafuata kengele, mwisho sauti za watoto. Mtawa mmoja, kabla ya kurudi kwao, alimwachia mashine ile: kisanduku cha mfukoni chenye waya mpaka sikioni. Kikiwa na betri, Germana alisikia kiasi cha kumtosha kufanya kazi. Kina mama wa Kimasai waliokuja kujifungulia kwenye kituo kile kidogo cha afya, ng'ambo ya lango la Ngorongoro, njia ya kwenda Endulen, walimwita Sista Redio. Walicheka, naye akacheka nao.

Lakini mwaka ule wa 1981 betri zilikuwa adimu kama sabuni. Germana alizunguka maduka yote ya Karatu, akapata mbili kwa debe la maharage ya mama yake. Jumamosi Wilibrodi, mganga wa kituo, akaja na redio kwapani.

"Sista, leo kuna mpira. Niazime zile betri. Jumatatu unazo mkononi."

"Na kazi yangu, Daktari?"

"Si una macho? Tena mawili."

Akampa. Wilibrodi alikwisha kumwambia zamani kwamba nesi asiyesikia mahali pake ni kwenye kufua mashuka, na Germana aliipenda kazi yake kuliko alivyoyapenda masikio yake.

Jumatatu betri hazikurudi. Jumanne, saa nane mchana, Sintamei akafa.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wake wa kwanza ana siku moja. Wenzake walikuwa wamekwenda jikoni kuota moto. Germana alikuwa pembeni anachemsha sindano, mgongo ameupa wodi. Sintamei alipoona damu inatoka alimwita. Akaita tena. Akachukua kijiko akagonga kikombe cha bati, akagonga, akagonga, mpaka kijiko kikamponyoka. Germana alijua kuna jambo pale damu ilipofika kwenye soli ya kiatu chake.

"Nilisikia kikombe," Lembris, mhudumu wa wodi, alimwambia baadaye, akifungua mdomo sana ili Germana amsome midomo. "Nilikuwa napasua kuni. Nikasema, Sista yumo ndani."

Wilibrodi aliandika kwenye faili: *Aliletwa akiwa amechelewa.* Akamsukumia Germana kalamu.

"Weka sahihi. Au unataka mashuka?"

Akaweka.

Jioni ile Naisenya, mama yake Sintamei, alikuja kumchukua mtoto. Hakulia. Alisema neno moja kwa Lembris, na Lembris akaitangazia wodi kwamba jina la marehemu limefungwa, mtu asilitaje tena, maana ndiyo desturi yao. Alitangaza akiwa amempa Germana mgongo.

Basi Jumatano asubuhi Germana, Mkatoliki, binti wa wakulima wa Karatu, ambaye kwao wafu huombewa kwa majina yao, alipiga magoti kwenye kitanda kitupu cha nne. Akasema kwa sauti: "Sintamei, upumzike kwa amani. Sintamei, unisamehe. Sintamei." Alipoinua kichwa aliona wanawake wote wamejifunika nyuso kwa mashuka yao mekundu. Akadhani wanalia.

Na Alhamisi, kijiko.

Ijumaa mvua ilinyesha, na Germana akaisikia juu ya mabati. Akasikia birika likichemka. Akasikia mtoto akinyonya, ile sauti ndogo ya kumeza na kupumua, kumeza na kupumua, ambayo hakuisikia kwa miaka sita. Akasimama kwenye sinki akalia. Huko Tanga wanafunzi wenzake walizoea kusimulia habari za majini ya pwani, yenye harufu ya chumvi na udi na marashi. Jini hili halikunuka udi. Saa nane ilipofika wodi ilijaa harufu ya maziwa ya kibuyu kilichofukizwa, moshi wake, na chini ya moshi harufu ya damu iliyolala. Kikombe kikagongwa mara tatu. Kisha sauti, karibu kabisa, kana kwamba midomo imegusa waya:

"Sista."

Alijua yampasa kuivua mashine ile. Alijua. Hakuivua.

Jumamosi kitanda cha nne kilipata mtu. Hyasinta alikuwa mke wa mkulima kutoka upande wa Karatu, mcheshi, mzazi wa mara ya tano. Jumapili alfajiri akajifungua mvulana.

"Mtazame, Sista. Kichwa cha baba yake hicho hicho. Nilijua tu atanipasua kama boga."

"Nyamaza upumzike, mama."

"Nitapumzika vipi? Kitanda chako kina baridi. Kama kimelaliwa na mtu aliyelowa."

Germana alikuwa amesikia, nyuma ya maneno ya Hyasinta, mtu mwingine akivuta pumzi.

Jumatatu, saa nane, kikombe kiligongwa, na safari hii hakikuacha. Kiligongwa polepole, kisha haraka, na harufu ya maziwa na moshi ikashuka toka darini, na sauti ikasema Sista, Sista, kuna mtu kitandani pangu, Sista, nina baridi, na Germana akageuka akamwona Hyasinta amekuwa mweupe wa midomo, mdomo unafunguka na kufumbika bila sauti, kwa sababu sauti yote ya dunia sasa ilikuwa ya yule mmoja, na shuka chini ya Hyasinta lilikuwa linageuka rangi, na Germana akataka kumuuliza tangu lini, unaumwa wapi, lakini kila alichouliza kilijibiwa na kijiko, tin, tin, tin, ndani ya fuvu la kichwa chake, mpaka akaushika waya akaung'oa sikioni kwa nguvu hadi ngozi ikachubuka.

Kimya.

Katika kimya kile aliona vizuri. Akaweka ngumi tumboni mwa Hyasinta, akakanda, akamwonyesha Lembris, aliyekuwa amefika mlangoni, trei kwa kidevu, akachoma sindano ya kuzuia damu, akakanda tena mpaka mikono ikafa ganzi. Damu ikapungua. Ikakoma. Hyasinta akafumbua macho, midomo yake ikasema kitu, na Germana akakisoma: "Nilidhani umeniacha."

Lembris alikuwa anaitazama mashine iliyoning'inia, kifuniko chake wazi.

"Sista, hii haina betri."

"Najua."

"Sasa ulikuwa unasikia nini?"

Akamwambia. Lembris akarudi nyuma hatua mbili.

"Ulimwita," akasema. "Ulimtaja mara tatu, watu wote wanasikia. Ndiyo amekuja."

"Nilikuwa namwombea!"

"Kwetu hatuombei hivyo. Twende kwa mama yake. Ukaseme ulichofanya. Na jina, Sista, tafadhali, jina uliache hapa hapa."

Kesho yake walitembea asubuhi nzima. Bomani Germana aliinamisha kichwa mbele ya Naisenya, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa, akingoja kuguswa. Mkono haukuja. Akasema akiwa ameinama vile vile, Lembris akitafsiri.

"Yeyo, mama yangu, binti yako hakuchelewa kuletwa. Tulimwandika uongo. Aliniita, sikusikia. Masikio yangu yamekufa, nami niliutia uongo ule sahihi nisiondolewe kazini."

Naisenya alinyoosha mkono, akaitwaa mashine. Akajipachika waya sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu sana, na uso wake haukutikisika, ila machozi yaliteremka yenyewe mpaka kwenye shanga. Kisha akasema maneno machache.

"Anasemaje?" Germana akamuuliza Lembris.

"Anasema marehemu anamuulizia mtoto."

Wakamleta mtoto. Naisenya alimshika karibu na kisanduku, akamfinya kidogo mguuni, na mtoto akalia, akalia kwa nguvu za mtu aliyeshiba. Bibi akakiinamia kisanduku, akaongea maneno taratibu, akayarudia. Kisha akaichovya mashine kwenye maziwa, akaizika penye lango la zizi, mahali ng'ombe wanapopita kila siku. Ndipo alipoweka mkono juu ya kichwa cha Germana. Ulikuwa mzito, wala haukuwa na upole.

"Anasema wewe umekwisha kusema kweli, basi," Lembris alitafsiri. "Lakini anauliza, ule moto wa mashine, uko kwa nani?"

"Betri? Ziko kwenye redio ya Daktari."

Naisenya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia.

Germana alirudi akamwambia Wilibrodi arekebishe faili. Wilibrodi akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Kesho yake Germana alikabidhiwa karai, jiwe la kufulia na mashuka ya wodi nzima. Faili likabaki kama lilivyokuwa. Akaletwa nesi mpya, Lukresia, mwenye masikio mazuri, naye hakusikia lolote wodini, na kitanda cha nne kikawa na joto kama vingine.

Siku kumi zikapita. Mikono ya Germana ilichubuka, viganja vikawa kama gome. Dunia yake ilikuwa kimya kabisa, na hakuna aliyemwita tena Sista Redio.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, kivuli kilianguka juu ya karai. Akainua macho. Wilibrodi alikuwa amesimama kwenye ukungu bila viatu, redio imebanwa kifuani, kifuniko chake cha nyuma hakipo. Ndani yake hamkuwa na betri. Alikuwa amezishika mkononi, mbili, amezifumbata mpaka vidole vimepauka. Midomo yake ilitetemeka, lakini Germana alijua kusoma hata midomo inayotetemeka.

"Nani anagonga kikombe?"

Germana akakamua shuka.

"Sista Germana, nakuomba. Chukua betri zako. Mwambie anyamaze. Hasemi na mtu mwingine ila mimi. Unasikia? Si unasikia hilo?"

Akalikung'uta shuka la kitanda cha nne, akalitandaza kwenye kamba kati yake na yule mwanamume.

"Sisikii kitu, Daktari," akasema. "Mimi kiziwi."