Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi Ananiita Jirani

— Aa! Umenichoma!

— Simama wima basi. Unatikisika hivyo unaenda wapi?

Bibi Miwani akajishika kiuno na kuguna. Mimi nilikuwa kwenye kigoda chumbani kwangu, pini mdomoni, nambana gauni la harusi. Harusi yenyewe ya maigizo. Hapa kwenye makao yetu ya wazee, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna Sherehe ya Mwezi. Familia zinakuja, nasi tunawaonyesha mambo ya enzi zetu. Mwezi mmoja ni nyimbo za kazi, mwingine michezo ya utotoni. Mwezi huu Mratibu wa shughuli, binti mwenye filimbi shingoni na haraka zisizoisha, aliamua ni harusi za zamani. Nguo nashona mimi, fundi cherehani mstaafu. Wananiita Mama Sindano, na siyo kwa sababu ya cherehani peke yake.

— Hivi hukasiriki? — Bibi Miwani akauliza.

— Nikasirike nini?

— Mimi kuwa bibi harusi wa Dereva. Watu walikupigia kura wewe.

— Mratibu kasema kura zilihesabiwa vibaya.

Akaanza kufuta miwani yake kwa pindo la gauni nililotoka kulipiga pasi.

— Kura hazikuwa na kasoro, shoga yangu. Dereva mwenyewe alikwenda ofisini akaomba abadilishiwe. Nilikuwa mlangoni nasubiri dawa zangu.

Nikatema pini zote kiganjani.

— Umesema nini?

— Mimi? Sijasema kitu.

— Umeshasema! Vua gauni!

Kumbe! Mwaka mzima, jamani, mimi na yule mzee ni wapenzi. Wapishi wanajua, wauguzi wanajua, hata mlinzi wa getini anajua. Asubuhi tunakunywa chai kikombe kimoja. Jioni namsomea magazeti, maana macho yake yamechoka na masikio yake yalikwisha kwenye injini za malori. Lakini ikifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, binti yake akiingia getini, mimi nageuka jirani. "Huyu ni jirani yangu wa chumba cha pili." Basi. Anahamia meza nyingine na kunipungia mkono kama tunaonana kituo cha basi.

Tena sikilizeni. Hasikii simu ikilia, kwa hiyo alimpa binti yake namba yangu. Kila wiki napigiwa mimi: "Shikamoo mama jirani, baba amekula? Baba amelala vizuri?" Nami najibu kwa adabu: amekula, amelala. Nimeumeza huo ujirani mpaka umenikaa kooni.

Nilimkuta barazani anacheza drafti peke yake, kulia na kushoto, na bado anajiibia.

— Dereva!

— Mama yangu! Njoo ukae.

— Sikai. Nani aliyeomba bibi harusi abadilishwe?

Akatazama kete. Akatazama paa. Halafu, mbele ya macho yangu, akapeleka kidole nyuma ya sikio na kuzima kifaa chake cha kusikilizia.

— Washa hicho kitu!

— Eeh, joto kweli leo — akajibu, akaanza kupanga kete upya.

Mnaona mtu huyo? Ukimgombeza anajizima kama redio. Nikatoa simu, nikamwandikia hapo hapo, nimemsimamia kichwani:

"Umenikataa kwa mdomo ofisini. Nijibu kwa maandishi."

Akaisogeza simu mbali na uso, akaisoma kwa kupepesa macho, akaandika kwa kidole kimoja. Nilidhani nitazeeka mara ya pili.

"Sijakukataa. Binti yangu anakuja. Akikuona na shela ataelewa vibaya."

"Ataelewa vizuri! Ndicho unachokiogopa."

Hapo akawasha kifaa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

— Nisikilize basi. Siku tuliyomzika mama yake alinishika koti mbele ya watu. Akasema, baba, ukileta mwanamke mwingine usinitafute tena. Nikamwahidi. Ninaye huyo mmoja tu. Akiacha kuja, nani atakuja?

Hilo hakuwahi kuniambia. Lakini hasira zangu zilikuwa zimeshavaa viatu.

— Na mimi uliniahidi nini?

— Kwamba nitamwambia.

— Lini?

— Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

— Ya mwezi gani, Dereva? Mwezi wa nyimbo ulisema, mwezi wa michezo ukasema. Mtu umeshusha lori la mzigo milimani na breki zimekataa, unamwogopa mtoto uliyemfunga nepi?

— Lori halilii — akasema.

Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu vizuri, filimbi ikalia masikioni mwetu. Mratibu huyo, mbio mbio.

— Mazoezi ya viti! Wazee wangu, tumeshachelewa! Mama Sindano, mikono juu!

— Mikono juu? Umeniweka chini ya ulinzi? Tunaongea hapa!

— Kuongea kuko Alhamisi, kwenye kikundi cha mazungumzo. Ratiba, mama, ratiba!

Ndivyo tunavyoishi. Ukitaka kulia hapa, uangalie kwanza kama kuna nafasi kwenye ratiba.

Siku ikafika. Ukumbi umepambwa vitambaa vyeupe, viti vimejaa watoto na wajukuu, keki iko mezani. Nilikuwa nimemwambia Mratibu sitoki chumbani. Akanibembeleza: gauni ni refu, Bibi Miwani atajikwaa aanguke, nani mwingine anajua kulishika? Nikaenda. Nikajikuta nabeba mkia wa gauni nililolishona mwenyewe, la harusi niliyopigiwa kura mimi, namsindikiza mwanamke mwingine kwa mpenzi wangu. Niambieni kama kuna mtu ameshawahi kuonewa namna hiyo.

Dereva alikuwa amesimama mbele na suti ya kijivu, amenyoa, amependeza. Nikamchukia zaidi. Binti yake, karani wa mahakama, alikaa mstari wa kwanza anapiga picha. Spika zikaanza kunguruma, kifaa cha Dereva kikapiga mluzi, akakizima kama kawaida yake kwenye sherehe.

Tulipofika mbele nikainama kupanga pindo la gauni. Naye akainama. Alitaka kuninong'oneza. Sasa mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Na Mratibu, wakati huo huo, akakata muziki ili atoe hotuba.

— MPENZI WANGU, USININUNIE! — Dereva akanguruma ukumbi mzima. — HUYU WA MCHEZO TU! MKE WANGU MOYONI NI WEWE!

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Bibi Miwani akaishika miwani yake kwa mikono miwili.

Binti akasimama polepole, simu bado ameiinua mkononi.

— Baba. Umemwambia nini huyu mama?

Dereva hakusikia. Akanitazama mimi, kama anavyonitazama siku zote mtu akimsemesha, nimweleze alichoambiwa. Mimi ndiye masikio yake. Lakini siku hiyo nilikataa kazi.

— Washa kifaa chako — nikamwonyesha kwa kidole. — Unaulizwa wewe.

Akawasha. Binti akarudia, taratibu, kama anauliza shahidi kizimbani.

— Nimeuliza, huyu mama ni nani kwako?

Nilimwona anaangalia uso wa mwanawe. Nilijisemea, sema mzee wangu, sema sasa na yote ninakusamehe.

— Ni... ni jirani — akasema.

Nikauachia mkia wa gauni. Sikupiga kelele. Nilipita katikati ya viti vile, watu wananipisha, hata Mratibu alisahau filimbi yake. Nikafika chumbani, nikakaa kitandani, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa. Kwa nini nisilie? Niliumia.

Mlango ukagongwa.

— Nenda zako, Dereva!

— Siyo yeye. Ni mimi.

Binti akaingia. Macho mekundu, midomo imekaza.

— Hizo simu zote — akaanza. — Baba amekula, baba amelala. Mlikuwa mnanicheka?

— Kukucheka? Kila ukikata simu nilikuwa namgombeza baba yako mpaka anazima sikio.

— Mbona hukuniambia?

— Wa kusema si mimi, mwanangu. Mimi ni mtoto wa watu, siwezi kujitambulisha mwenyewe kwa wakwe.

Akakaa kwenye kigoda changu cha kushonea, akafunika uso.

— Aliniahidi — akasema. — Siku ya msiba aliniahidi.

— Najua. Na mimi aliniahidi. Baba yako anagawa ahadi kama pipi.

Kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akakasirika kwamba amecheka.

— Unampenda?

— Ananiudhi.

— Sijauliza hilo.

— Kwa umri wangu ndilo jibu lenyewe. Asiyekuhusu hakuudhi kiasi hiki.

Akaondoa mikono usoni, akasema kwa sauti ndogo, wala si ya karani tena:

— Mimi sikuogopa mwanamke. Naogopa mama asahaulike. Nikija hapa nikamkuta baba anacheka na mtu mwingine, mama atakuwa amebaki na nani? Na mimi peke yangu?

Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga tangu mwaka jana. Yote yakanikimbia.

Kabla sijajibu, Dereva akatokea mlangoni anahema, tai iko begani, fimbo kaisahau huko huko. Akamtazama binti, wala si mimi.

— Nimekudanganya mbele za watu — akasema. — Huyu si jirani. Huyu ndiye ninayeamka kwa ajili yake. Mama yako nilimpenda mpaka pumzi yake ya mwisho, unajua wewe. Na huyu nampenda. Nilikuahidi jambo nisiloliweza, nisamehe. Ukikasirika, kasirika. Ukiacha kuja, nitalia. Lakini nitalia nikiwa naye.

Binti alikuwa anatazama zulia, machozi yanadondoka juu ya vipande vya vitambaa.

Nikasogeza kiti karibu naye.

— Picha ya mama yako baba yako ameificha kabatini, chini ya mashati. Anadhani itanikera. Itoe itundikwe ukutani, tena ukutani kwetu, kama patakuwa na kwetu. Vumbi lake nitalifuta mimi mwenyewe. Na ukija, utanisimulia alivyokuwa, maana huyu akisimulia anaruka ruka.

Akaniinamia begani. Alikuwa mzito, mtu mzima mwenye watoto wake, analia kama ndiyo kwanza wametoka makaburini. Nikampapasa mgongo. Dereva akaona mambo yamekaa sawa, akaanza kutabasamu.

— Wewe usitabasamu — nikamwambia. — Sijamaliza na wewe.

— Si nimeshasema?

— Umesema chumbani. Mimi nimekataliwa ukumbini.

Akamtazama binti yake amwokoe. Binti akajifuta macho.

— Ni kweli, baba. Alikataliwa ukumbini.

Basi tukarudi, watu watatu tumeshikana mikono kwenye ile korido ndefu. Ukumbini walikuwa wameshaanza kula keki. Bibi Miwani na shela lake alikuwa anakula kipande cha pili. Dereva akamfuata Mratibu, akamnyang'anya kipaza sauti.

— Mzee, hiyo haimo kwenye ratiba! — Mratibu akalalamika.

— Ingiza! — ukumbi mzima ukamjibu.

Dereva akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, kama usukani.

— Mimi ni dereva mstaafu. Nimeendesha magari makubwa maisha yangu yote, na leo nimeshindwa kusema neno moja mbele ya mwanangu. Mama huyu nilimwita jirani. Nilisema uongo. Ni mpenzi wangu. Namwomba, mbele yenu, na mbele ya mwanangu, awe mke wangu. Siyo mke wa maigizo.

Akashika kona ya meza, akaanza kushuka chini, goti moja, pole pole, mifupa inalia. Wauguzi wawili wakasogea tayari kumdaka. Binti yake akawazuia kwa mkono, huku analia na kupiga picha.

Nikachukua kipaza sauti. Mwaka mzima nilikuwa nimejiwekea maneno ya kumwambia mzee yule siku akisema, hotuba nzima, na kila mtu ukumbini alikuwa anaisubiri. Nikamtazama pale chini, jasho linamtoka, macho yameniganda mimi tu.

— Nimekubali — nikasema. — Haya, nyanyuka, utaumia.