Ala Iliyomkaa Noelia

Asubuhi ile Noelia Cantú aliitungua ala ya bastola msumarini, nusura aiangushe. Ilikuwa na joto, na si joto la chumba. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi mwilini mwa mtu.

"Abelardo, umeigusa hii?"

"Mimi na hilo dude lako?" mumewe alisema akipuliza kahawa. "Sitaki hata kuliona."

Noelia alikuwa muuguzi wa kuwazungukia wagonjwa kwenye mashamba ya ng'ombe ya kusini mwa Texas, karibu na mto wa mpakani, kwenye barabara ambazo ukipiga yowe unaitikiwa na mbweha. Tangu gari jeupe limfuate hadi langoni kwa mgonjwa, aliapa hatatoka tena mikono mitupu. Kuipata bastola kulikuwa rahisi. Kuibeba ndiko kulikomshinda. Aliichomeka mbele kiunoni, na alipokaa garini ikamchimba kinena. Akaifunga kwenye kifundo cha mguu, akatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kwenye mkoba hakuthubutu, maana kwa wagonjwa mkoba huwekwa sakafuni, na wajukuu hawaachi kupekua.

"Ifunge kichwani, halafu uvae kofia," Abelardo alimcheka.

Ndipo alipoiona ala hii uani kwa mjane aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe, mlinzi wa mifugo. Ilikuwa ya ngozi nyeusi, laini kama sikio la ndama, yenye mkanda mpana wa kuzungushwa tumboni chini ya shati. Mjane hakuishika. Aliisukuma kwa mpini wa ufagio.

"Chukua bure. Aliipenda kuliko alivyonipenda mimi."

Na ilimkaa Noelia! Akiinama, akiendesha, akimgeuza mgonjwa kitandani, haikumchoma wala haikuonekana. Alisahau kabisa kuwa ameivaa.

Lakini baada ya joto ikaja harufu, jasho la mwanamume lililochanganyika na tumbaku. Kisha ngozi ya ala ikaanza kulia kiunoni mwake, krii, krii, polepole, hata akiwa ametulia tuli. Alipobana pumzi asikilize, nayo ilinyamaza.

Siku moja alikuwa kwa Don Macario, mzee aliyepooza upande mmoja. Mzee aliinua mkono mzima kuomba maji, na Noelia akauona mkono ule, akaona unakuja, akasikia pumzi ya moto ikimwambia sikioni huyo, huyo, mwahi kabla hajakuwahi, na alipotaka kugeuka tumbo lilikuwa limebanwa hadi macho yakaona giza, na mkono wake mwenyewe, mkono uliochoma sindano na kufuta vidonda vya watu, ulikuwa umeshapita chini ya shati na bastola ilikuwa imeshatoka, imemwelekea mzee kifuani.

Don Macario hakuitazama bastola. Alitazama nyuma yake.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyo bwana aliyekukumbatia kwa nyuma ni nani?"

Noelia alirusha bastola kitandani, akakimbilia gari.

Nyumbani kifungo cha mkanda kiligoma. Abelardo aliukata kwa kisu cha jikoni, na mahali pa kisu pakachuruzika maji ya chumvi, ya moto. Yalimlowesha Abelardo hadi viwikoni.

Wakaibeba ala, wakaenda kwa Doña Eufrasia, mganga wa mji ule. Alimpangusa Noelia kwa matawi ya mrihani, akampitisha yai mwilini kutoka utosini hadi nyayoni, huku akisali. Tumbo la Noelia likakakamaa. Kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume.

"Sikumfuata. Alitafuta kinachomkaa vizuri. Nikamkaa."

"Toka, mwanaharamu!" Doña Eufrasia alifoka. "Huyu si nyumba yako!"

Noelia alianguka chini akitapika. Yai lilipopasuliwa, lilikuwa na damu nyeusi. Waliichoma ala uani kwa kuni za mjohoro, na moshi ukanuka nywele.

"Sasa wewe uliyeikata," mganga alimwambia Abelardo. "Njoo nikupanguse."

"Mimi sina kitu, Doña. Tazama, mzima kabisa."

"Abe, kubali, tafadhali," Noelia alimsihi.

"Twende zetu, mke wangu. Umechoka."

Waliipitia bastola kwa Don Macario, na Noelia akaifungia kwenye kabati la chuma. Akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Asubuhi aliamka kwa furaha, akakanda unga wa mikate. Abelardo akaingia jikoni, amechomekea shati vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa akijipapasa tumboni, taratibu, kama fundi nguo anayepima.

"Nipe ufunguo wa kabati," alisema.

"Wa nini? Wewe si hutaki hata kuiona?"

Akatabasamu, akaipata sehemu aliyoitafuta, chini kidogo ya kitovu, akaibonyeza kwa kidole.

"Nimeshajua itakaa wapi."