Marashi Kwenye Koti la Numbi

Jumamosi ile soko la Dilala lilikuwa limefurika, na Blandine alishachelewa. Kitenge kipya cha buluu, kilemba juu, viatu vya kisigino: rafiki yake Mamie alikuwa na sherehe ya komunyo ya mtoto, kule kwenye majumba ya kuta ndefu. Akaona pikipiki inashusha abiria. Akaidandia kabla dereva hajageuka.

"Tata, kwa ba-villa, mbio! Lakini unishushe mbele hatujafika ku portail."

Dereva, kofia ngumu kichwani, skafu mpaka machoni kwa ajili ya vumbi jekundu, aliitikia kwa kichwa tu.

Kwa nini asifike getini? Kwa sababu rafiki zake hawakujua kwamba Numbi, mumewe, aliondolewa mgodini miezi mitano iliyopita. Numbi aliyekuwa akiendesha mtambo mkubwa kama nyumba! Aibu, jamani, ni mzigo mtu anaojitwika mwenyewe. Simu ikalia. Dada yake mkubwa, Brigitte.

"Yaya, mi nimechoka!" Blandine alipaza sauti. "Numbi anasema anaendaka Tenke kutafuta kazi. Bongo, ananidanganya! Koti yake inanukiaka parfum ya banamuke. Leo hii, kesho ingine. Iko na mwanamuke. Apana, iko na bengi!"

Pikipiki ikayumba, ikasimama kando ya barabara. Mabega ya dereva yalikuwa yakitikisika, na Blandine akadhani mtu wa watu anaumwa. Kofia ikatoka. Skafu ikashuka.

"Yesu Maria! Numbi?"

"Ni kweli, mama Gloire," alisema akifuta machozi ya kicheko. "Niko na bengi, banapandaka huku nyuma yangu. Wa leo asubui alibeba kitunga muzima ya makayabo, samaki ya chumvi. Ile parfum haukuisikia?"

"Tangu siku gani?"

"Miezi ine. Pikipiki ni ya Badibanga, mwenzangu wa mugodi. Niliogopa utasikia haya mbele ya barafiki." Kicheko kikamwisha. "Na kweli unasikia. Haukutaka kufika ku portail."

Maneno yalimchoma. Akamtazama: midomo iliyopasuka kwa upepo, vumbi kwenye kope. Mtoto wao Gloire hakuwahi kukosa shule hata siku moja, na yeye hakujiuliza imewezekanaje. Mungu wangu, mwanaume gani huyu! Miaka tisa ya ndoa, na moyo ulimdunda kama wa msichana anayechumbiwa.

"Juu ya nini unaniangalia hivi?"

"Nakushangaa, papa Gloire. Nakushangaa sana."

"Panda, chérie. Nitakushusha ku kona."

"Apana. Mupaka ku portail."

Getini, wanawake waliokuwa wakishuka kwenye magari ya vioo vyeusi waligeuka wote. Mamie akaja, lesi nyeupe mpaka chini.

"Blandine! Na pikipiki? Gari yenu iliharibika?"

Blandine alishuka. Akamvua dereva kofia mbele ya wote, akamshika mkono.

"Hatuna tena gari. Kazi ya mugodi iliisha. Huyu Numbi munamujua, bwana yangu; yeye njo anatulisha na hii pikipiki. Mamie, tuko babili. Utatuikalisha wapi?"

Mamie akatazama vumbi, akatazama ile mikono iliyoshikana.

"Ku meza yangu," alisema polepole. "Mungiye ndani."

Numbi hakumsikia. Alikuwa anamtazama mkewe, kinywa wazi.