Debe la Majivu na Kopo la Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorkasi alizoa majivu ya jikoni kwa mama yake na kuyamwaga shimoni nyuma ya nyumba yao mtaani Nguvumali. Wiki ile hakuyamwaga. Aliyachekecha, akatoa vipande vya makaa, akayatia ndani ya gunia. Alichekecha kwa nguvu mpaka nywele na kope zikawa nyeupe.

"Majivu yamekukosea nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Hayajanikosea, mama. Walionikosea ni watu."

Shule yao ya wasichana ilikuwa inajiandaa kwenda kambi katika kijiji cha Kichangani, nje kidogo ya barabara ya Horohoro. Mwalimu Ruthi aligawa kazi. Wengine walipewa kupika, wengine kusimamisha mahema, wengine nyimbo. Dorkasi alipewa choo. Darasa zima liliangua kicheko, na Mwatumu, msichana wa Ngamiani ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akamwinamia kwa heshima za uongo. "Shikamoo, Bibi Chooni!" alisema. Tangu siku hiyo jina likamganda Dorkasi kama utomvu wa fenesi.

Mwalimu Ruthi hakucheka. Aligonga meza.

"Kichangani ardhi yake ni mwamba wa matumbawe," alisema. "Umetoboka ndani kama sega la nyuki. Unachokimwaga huku kinatokea kule. Watu waliopiga kambi pale zamani walichimba choo upande wa juu wa kisima. Mvua ikanyesha. Watoto wa kijiji wakaharisha, na mjukuu wa Bi Semeni akafa. Bi Semeni ndiye mwenye eneo hilo. Ametukaribisha kwa sharti moja, kwamba tusichimbe hapo wala tusimwage kitu hapo. Kwa hiyo tutakwenda na choo chetu cha kubeba. Mnaona sasa kwamba kazi hii si ya kuchekesha?"

"Ndiyo, Mwalimu," waliitikia. Lakini nje ya darasa Mwatumu alikunja tena magoti. "Shikamoo, Bibi Chooni."

Baba yake Dorkasi, Mzee Asheri, alikuwa seremala. Jioni Dorkasi alimpelekea ndoo ya bati.

"Baba, nitakwenda na hii. Ni nyepesi. Juu nitafunika kitambaa."

"Ikalie," baba yake alisema.

"Hapa?"

"Hapa hapa. Ikikuyumbisha uani kwetu, huko mchangani itakufanyaje?"

Dorkasi aliketi. Ndoo ikalala upande, naye akajikuta chini. Baba yake hakumcheka, ila alifuta ndevu kwa muda mrefu.

Siku ya pili Dorkasi alimsimulia juu ya kigoda cha kukunja alichokiona dukani, chenye mfuko wa turubai chini yake. Hicho nacho kilikuwa chepesi.

"Turubai utalioshaje likatakata?" baba yake aliuliza. "Uchafu utaingia kwenye nyuzi, na harufu itabaki humo. Choo cha safari, mwanangu, usikichague kwa wepesi peke yake. Tazama kama kinasimama imara, kama kinafunikika, na kama kinaosheka. Ukishajibu hayo ndipo uulize uzito."

Wakatengeneza kisanduku cha mbao chenye tundu juu, kimo cha kiti cha mtoto. Ndani yake lilikaa debe tupu la mafuta ya taa, ambalo liliweza kutolewa kwa mlango wa nyuma. Kifuniko kilibana vizuri hata nzi asingepata njia. Pembeni Mzee Asheri alifunga kamba mbili za katani, ili watu wawili wakibebe kwa mti mabegani. Dorkasi alikipiga msasa mwenyewe. Kilipokwisha alikipenda, ingawa hasira zake zilimzuia kusema hivyo.

Shuleni aliwaonyesha wenzake. "Unaketi. Ukimaliza, unachota majivu kwa kata hii ya kifuu, unamwaga juu ya haja, unafunika. Majivu yanakausha, yanaua harufu. Basi."

"Na maji je?" Mwatumu aliuliza.

"Maji ya nini?" Dorkasi alimkata. "Hiki ni choo, si bomba la mtaani!"

Wasichana walicheka. Kwa mara ya kwanza walicheka upande wa Dorkasi, na utamu wake ukamwingia. Mwatumu alifungua mdomo, akaufunga. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwake, lakini Dorkasi hakulifikiri.

Walifika Kichangani kwa lori. Bi Semeni aliwapokea akiwa amejifunga kanga mbili, mwembamba, macho makali. Aliwaonyesha kisima bondeni. Akawaonyesha na mahali pa kufukia taka, mbali, ng'ambo ya mihogo yake, penye udongo mwekundu mzito. Kisha akasimama mbele ya kisanduku.

"Hiki ndicho choo?"

"Ndicho, bibi."

"Nitakitazama," alisema. "Na ninyi nitawatazama."

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Ua wa makuti ulisimamishwa, gunia la majivu likawekwa ndani, na hapakuwa na harufu wala nzi. Dorkasi alilala akijisifu moyoni.

Kesho yake asubuhi, kabla hajafika kwenye ua, pua yake ilimpa habari. Nzi walivuma kama nyuki. Alifungua mlango wa nyuma wa kisanduku, akaona debe limejaa uji wa kijivu unaochuruzika pembeni. Majivu yalikuwa yamegeuka tope. Chini ya makuti, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, palikuwa na kopo la maji.

Dorkasi alilijua kopo lile. Alitoka nalo mkononi mpaka penye mafiga.

"Nani anamwaga maji kwenye choo changu?"

Wasichana waliokuwa wakinywa uji waligeuka. Mwatumu alisimama taratibu.

"Hilo kopo ni langu."

"Nilijua! Umekiharibu makusudi, ili mnicheke!"

"Nimekiharibu makusudi?" Sauti ya Mwatumu ilipanda. "Ulitaka nifanyeje, weye? Nikae na uchafu mwilini, kisha nisimame niswali? Kwetu tunajisafisha kwa maji tangu tungali wadogo. Nilikuuliza shuleni, ukaniambia niende bombani!"

"Ungesema vizuri!"

"Ungenipa nafasi?"

"Sasa debe utalibeba wewe. Peke yako."

"Silibebi! Bibi Chooni ni nani hapa, mimi au wewe?"

Mwalimu Ruthi alikuwa amekwenda kijijini kununua samaki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwaamua. Dorkasi alilitupa kopo chini. Alirudi kwenye ua, akalivuta debe nje. Kanuni ilikuwa kubeba wawili, kwa mti, kabla debe halijafika nusu. Yeye alilishika peke yake, likiwa pomoni. Njia ya kwenda ng'ambo ya mihogo ilikuwa ndefu, na kila hatua lilimwagikia sketi. Alijaribu kuomba Mungu ampe nguvu, lakini kila alipoanza sala lilimtoka jina la Mwatumu.

Kando ya njia palikuwa na ufa katika mwamba, mweusi, wenye kina. Dorkasi alitazama nyuma, akatazama mbele. "Liishie hapa hapa," alisema kwa hasira. "Si wao walioyataka?" Akaliinua debe.

"Dorkasi! Hilo shimo linakwenda kisimani!"

Alikuwa Mwatumu. Alikuwa amemfuata ili amalizie ugomvi, maneno yakiwa bado yamemjaa. Sasa alimrukia, akalishika debe kwa mikono miwili. Dorkasi alivuta, Mwatumu akavuta. Debe likawaponyoka, likawamwagikia miguuni, na tope likaanza kuteremka polepole kuelekea ufa.

Bondeni, chini yao, watoto wawili wa kijiji walikuwa wakiteremsha ndoo kisimani.

Ndipo Dorkasi alipokumbuka yule mjukuu wa Bi Semeni. Hasira zikamtoka mara moja, na mahali pake ukaingia woga. Alipiga magoti akazuia tope kwa mikono yake mitupu. "Mchanga, Mwatumu! Lete mchanga!"

Mwatumu alivua mtandio wake, akaujaza mchanga, akaja mbio, akaumwaga mbele ya ufa. Akarudi tena, na tena. Dorkasi alirundika, alikandamiza. Tope lilisimama. Kati yake na ufa palibaki upana wa kiganja.

Walipoinua macho, Bi Semeni alikuwa amesimama juu yao.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa hapa. Mwiteni mwalimu wenu. Fungasheni."

"Bibi, halikuingia," Mwatumu alisema akihema.

"Sikukuuliza wewe. Nani alilileta debe hapa?"

Mwatumu alitazama chini, wala hakumtaja mtu. Dorkasi aliona kwamba angeweza kusema debe lilimponyoka njiani, na pengine angeaminiwa. Lakini wale watoto walikuwa wakipanda na ndoo yao.

"Mimi, bibi," alisema. "Nilikuwa nalimwaga kwa makusudi, kwa hasira. Mwatumu ndiye aliyenizuia. Bibi, waambie watoto wasiyanywe maji yale mpaka utazame mwenyewe."

Bi Semeni aligeuka. Aliwapigia watoto kelele wamwage maji. Kisha aliinama, akachimbua mchanga kwa kidole mpaka akaufikia mwamba mdomoni mwa ufa, akaupapasa. Ulikuwa mkavu. Midomo yake ilicheza bila sauti. Huenda alikuwa akimshukuru Mungu, huenda akimtaja mjukuu wake.

"Mtazoa kila punje ya mchanga huu," alisema hatimaye. "Mtakwenda kuufukia kule nilikowaonyesha. Jua likifika kichwani nitakuja. Nikisikia harufu au nikiona nzi, lori liwachukue."

Mwalimu Ruthi aliporudi alisikiliza yote akiwa amesimama, samaki mkononi. Walikuwa hawajapata kumwona na hasira kama ile.

"Kopo na majivu havikai pamoja," alisema. "Hilo limewashinda kulijua? Oneni aibu. Na mimi nione aibu, maana nilikagua mbao na misumari, sikuuliza watakaokikalia. Semeni sasa. Kwenu mnafanyaje?"

Mwatumu alieleza, safari hii bila mzaha. Dorkasi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na haikuwa rahisi. Kisha wote wawili walianza kusema kwa pamoja, wakanyamaza, wakaanza tena.

"Maji yawe na chombo chake," Dorkasi alisema.

"Karai," alisema Mwatumu. "Lenye kifuniko. Mtu anaketi kwenye kisanduku, anatia majivu, anafunika. Kisha anasogea kwenye karai anajisafisha. Majivu yanabaki makavu."

"Na karai linapelekwa kule kule kwenye udongo mwekundu."

"Na sabuni iwekwe mlangoni," Mwalimu Ruthi aliongeza. "Mikono ioshwe, mtu awe wa Nguvumali au wa Ngamiani."

Walizoa mchanga, wakafukia, wakaosha debe kule kule mbali, wakalianika. Walitandika majivu mapya ndani ya debe, makavu, na pembeni wakaweka karai juu ya mawe mawili ili lisiyumbe. Jua lilipofika kichwani, Bi Semeni alikuja. Alinusa. Aliinua kifuniko, akatazama. Alitikisa kisanduku kwa mkono, nacho hakikutikisika. Halafu, mbele ya macho ya kambi nzima, aliingia uani na kujifungia makuti.

Wasichana walitazamana. Hakuna aliyethubutu kucheka. Walisikia kata ikichota majivu, kisha maji kwenye karai.

Bi Semeni alitoka, akanawa kwa sabuni, akajipangusa kwa pindo la kanga.

"Nani fundi wa sanduku hili?"

"Baba yangu, bibi," alisema Dorkasi.

"Mwambie anitengenezee langu. Magoti yangu siku hizi yakichuchumaa hayataki kuinuka." Akageuka kwenda zake, kisha akasimama. "Kaeni. Lakini njia ile debe lisipite na mtu mwenye hasira."

Jioni, baada ya Wakristo kusali na Waislamu kuswali, Mwalimu Ruthi aliwakusanya wote.

"Dorkasi alichagua choo kizuri," alisema, "lakini alitunga kanuni kwa ajili ya watu wanaofanana naye tu, na aliyeuliza swali akamfunga mdomo. Mwatumu naye alikuwa na swali la maana, lakini watu walikuwa wamezoea mzaha wake. Afya ya watu wengi iko mikononi mwa wale wanaokubali kuulizana, hata mambo ya chooni. Na mtu akishikwa na hasira, kwanza aweke chini alichokibeba. Dorkasi, ulikiri mapema, kabla mtoto hajanywa. Kwa hilo namshukuru Mungu."

Asubuhi yake Dorkasi alipofika kwenye ua, Mwatumu alikuwa tayari ameshapitisha mti kwenye kamba za katani.

"Shikamoo, Bibi Chooni."

Dorkasi alimtazama, akashika ncha ya pili ya mti.

"Marahaba, Bibi Karai. Inua taratibu."