Nitakuja Jumapili

Jua lilikuwa linazama Msusi alipoingiza ufunguo kwenye kitasa cha nyumba ya marehemu mama yake. Alikuja kwa kazi ndogo tu. Kaka yake alikuwa amemwagiza afungashe nguo zilizobaki, afunge madirisha, kisha ufunguo amwachie jirani, maana mwenye nyumba aliitaka nyumba yake kesho asubuhi. Ni kazi ya nusu saa, lakini ungemwona anavyogeuka nyuma kila mara, ungedhani amekuja kuiba.

Alisukuma mlango, akasimama hapohapo kizingitini.

Harufu ya kafuri...

Mama yake alikuwa akijichua kifua kwa dawa ya kafuri kila jioni, hilo lilijulikana na mtaa mzima. Lakini mama alikuwa na wiki ya tatu kaburini, na madirisha yalishinda wazi siku zote za msiba. Harufu hii ilikuwa mbichi, ya dawa iliyopakwa sasa hivi.

"Ni mapazia," Msusi alijiambia. "Kafuri hunasa kwenye mapazia."

Alikuwa hodari wa kujiambia mambo, huyu Msusi. Alijiambia mengi mwaka huu.

Lile la simu, kwa mfano. Mama alipenda salamu ya jioni. Hakutaka kitu kingine, si nguo wala safari, salamu tu. Na Msusi saa zile mikono yake huwa kichwani mwa mteja, vidole vimejaa mafuta, wengine watatu kwenye benchi wanauliza zamu yao ni lini. Kupokea simu hawezi. Alishamwambia mama, "Nikiwa kazini usinipigie, niandikie." Siku moja mteja akamwonyesha maarifa. Ukimaliza kuandika ujumbe, hulazimiki kuutuma papo hapo. Unaupangia siku na saa, simu inautuma yenyewe, wewe hata kama umelala.

Jumapili moja Msusi akakaa kitako, akaandika salamu za mwezi mzima kama mtu anayepika chungu kimoja cha wiki. *Shikamoo mama, leo kulikuwa na joto. Shikamoo mama, nimekukumbuka sana.* Nyingine akazipamba kama majibu, ili zisifanane: *Nafurahi kusikia hivyo mama. Pumzika, nitakuja Jumapili.* Zote akazipangia saa kumi na mbili na robo jioni. Kisha akasahau. Mama akawa anawasifia majirani kwamba binti yake hamsahau hata siku moja.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Msusi ilikwenda mpaka Alhamisi moja.

Alhamisi hiyo alikuwa anamsuka bibi harusi, na simu aliifungia kwenye droo. Alipoitoa ilikuwa saa mbili usiku. Akakuta mama ameandika saa kumi alasiri: *Kifua kinanibana mwanangu. Njoo.*

Chini yake lilikuwepo jibu. Lilikwenda lenyewe, saa kumi na mbili na robo.

*Nafurahi kusikia hivyo mama. Pumzika, nitakuja Jumapili.*

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, simu mapajani, ameshapoa.

Sasa lipo jambo ambalo Msusi hakumwambia mtu. Kabla hajapiga kelele, kabla hajampigia kaka yake, aliichukua ile simu ya mama. Ilikuwa inafunguka kwa kidole gumba. Akakishika kidole gumba cha mama yake, kikiwa baridi, akakibandika kwenye kioo. Mara ya kwanza ikakataa. Akakipangusa kwa kanga, akakibandika tena. Simu ikafunguka. Akafuta ujumbe wa mama, akafuta na lile jibu, halafu akafuta na kwake. Akaizima simu, akachomoa laini. Simu akaitia kwenye droo ya kabati, laini akaiviringisha kwenye karatasi na kuiweka ndani ya pochi yake. Ndipo akapiga kelele.

Kaka yake tangu siku ile huuliza swali moja tu. "Mama hakukuandikia siku ile, mdogo wangu? Hakukwambia anaumwa?" Na yeye hujibu, "Hakuniandikia, kaka."

Jioni ya siku waliyomzika, saa kumi na mbili na robo, simu ya Msusi ikalia.

*Marahaba mwanangu. Nimeshinda salama. Usijisumbue.*

Ulitoka namba ya mama. Ukaja kesho yake, na keshokutwa, kila jioni kwa saa ileile. Kila ukija, Msusi alifungua pochi, akakunjua karatasi, akaitazama laini. Ilikuwepo. Alikonda mpaka wateja wakaanza kumtania kwamba amepata mchumba mchoyo.

Sasa akapita sebuleni haraka, asikitazame kile kiti. Hata hivyo alikiona. Alikiona na kigoda kilichoegemezwa ukutani, na chanuo la mama juu ya dirisha, palepale alipoliacha Jumapili ya mwisho. Siku ile alikuwa anamsuka mama. Yeye juu ya kiti, mama kwenye kigoda, kichwa kimeegemea magoti yake. Akamaliza upande wa kushoto. Mara mama yake bibi harusi akapiga simu, wanataka wazungumze mtindo leo leo. Akaufunika upande wa kulia kwa kitambaa, akasema, "Huu nitaumalizia Jumapili."

Mama alizikwa hivyohivyo, nusu kichwa kimesukwa na nusu kiko wazi.

Hodi ikabishwa. Msusi akaruka.

"Ni mimi," ilinong'ona sauti. Alikuwa jirani, mwanamke mtu mzima aliyewahi kuwa mpiga chapa ofisini, na mtaani wakamwita Bibi Taipu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Bibi Taipu hakuingia. Alishika mlango, akanusa hewa, uso ukambadilika. "Nimeona mlango uko wazi nikasema nije. Lipo neno limenikaa kooni. Siku ile alipofariki nilikuwa kwa mwanangu, hatukuagana. Nakwambia wewe badala yake."

"Neno gani, bibi?"

"Mama yako alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba simu ndiyo inayomsalimia. Ile Jumapili ulipokuwa unamsuka, si ujumbe wako uliingia? *Shikamoo mama, nimekukumbuka sana.* Na mikono yako yote miwili iko kichwani mwake!" Bibi Taipu alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Akaufunika ule ujumbe kwa kiganja usije ukauona ukaaibika. Kesho yake akaja kwangu: nifundishe na mimi kupanga. Nikamfundisha. Akakaa siku mbili anaandika majibu. Akaniambia, mtoto ana kazi nyingi, nikichelewa kumjibu atapata wasiwasi."

Machozi yakamtoka Msusi bila kuombwa. Kumbe ni hivyo! Zilikuwa zimepangwa. Hakuna mzimu, hakuna lolote, ni mama tu na wema wake. Wema huo ulimchoma kuliko mzimu wowote.

"Kwa hiyo zinajituma zenyewe," alisema, akijifuta.

"Zinajituma, ndiyo. Ila simu lazima iwe imewashwa, mwanangu. Na iwe na laini." Bibi Taipu alimtazama. "Iko kwa nani?"

Mkono wa Msusi ulikwenda kwenye pochi yake. Bibi Taipu alingoja, akatikisa kichwa, akaenda zake akijifunika kanga mabegani.

Nje giza lilikuwa linaanza. Msusi aliwasha taa, haikuwaka. Walishakata umeme. Akatazama saa ya simu yake.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne.

Akangoja.

Kitu kikatetemeka ndani ya droo ya kabati.

Drrr... drrr... mbao ikitetemeka nacho. Na simu iliyo mkononi mwake ikaangaza.

*Kifua kinanibana mwanangu. Njoo.*

Ule ujumbe alioufuta. Neno kwa neno.

"Mama..." alinong'ona.

Hakugusa kitu. Anaapa hakugusa kitu. Lakini chini ya ule ujumbe maneno yakajitokeza, ya kwake, kwa namba yake, yakaenda:

*Nafurahi kusikia hivyo mama. Pumzika, nitakuja Jumapili.*

Droo ikatetemeka kupokea.

Harufu ya kafuri ikazidi, ikaingia mpaka kooni. Kisha simu yake ikaangaza tena.

*Leo Jumapili.*

Nyuma yake kitu kizito kiliburutwa sakafuni. Kre... kre... kikatua. Aligeuka taratibu, kwa sababu kutogeuka kulikuwa kubaya zaidi. Kigoda hakikuwa ukutani. Kilikuwa mbele ya kiti, palepale pa kusukiwa.

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kukimbia, na miguu ilitaka. Lakini alishamkimbia mama huyu mara moja kwa ajili ya nywele za watu, na majuto ya mara moja yalikuwa yanamtosha. Akachukua chanuo dirishani. Akakaa kwenye kiti. Akafumba macho.

Uzito ukaegemea magoti yake.

Ulikuwa baridi. Akanyoosha mikono na vidole vikakuta nywele, laini, chache, zile anazozijua tangu utoto. Kushoto kulikuwa na mistari, kazi yake mwenyewe. Kulia kulikuwa wazi, na punje za udongo ndani yake.

Akautoa udongo kwa chanuo, taratibu, asimuumize. Akagawa njia. Akasuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa analia kwa sauti huku akisuka, akisema, "Nisamehe mama. Nilifuta. Nilikushika kidole nikafuta. Nisamehe." Hakujibiwa. Ila alipofika mstari wa mwisho karibu na sikio, pale mama alipozoea kulalamika kwamba anavutwa, alisikia mtu akivuta pumzi kati ya meno.

Ssss...

Akalegeza mkono. Akafunga ncha.

Uzito ukaondoka magotini.

Alipofumbua macho giza lilikuwa limejaa. Kigoda kilikuwa ukutani. Akaimulika droo, akaivuta. Simu ya mama ilikuwa imezima, baridi, tundu la laini li wazi. Akamulika chanuo mkononi mwake. Kwenye meno yake zilinasa nywele nne za mvi, na vumbi jekundu.

Alimpigia kaka yake hapohapo, kabla ujasiri haujamtoka.

"Kaka, mama aliniandikia siku ile," alisema bila hata salamu. "Aliniambia kifua kinambana, niende. Simu yangu ikamjibu kwamba nafurahi. Nikafuta. Nilifungua simu yake kwa kidole chake, kaka, akiwa ameshakufa, nikafuta ili wewe usijue."

Upande wa pili alisikia kaka yake akikaa chini.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema kaka. "Kila jioni tangu tumzike napata ujumbe kwa namba ya mama. Uleule kila siku. *Mdogo wako ana neno. Msubiri aseme mwenyewe.* Nikadhani jirani ana simu yake, anatuchezea. Nikaona aibu kukwambia. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza, nakuuliza..."

"Na leo ujumbe umekuja?"

"Umekuja sasa hivi, kabla hujapiga. Lakini wa leo si ule." Akausoma polepole kama mtu asiyeamini macho yake. "*Amekuja. Nywele zimekaa vizuri.*"

Msusi alilishika chanuo kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," kaka alinong'ona. "Nywele gani?"